Hesabu ya kukunja bomba la waya

Bomba jembamba la chuma linalopitisha nyaya za umeme ukutani na darini, ambalo mafundi wa Marekani huliita kwa kifupi EMT, halilingani na jina lake. Lile la "nusu inchi" lina kipenyo cha nje cha inchi 0.706, yaani karibu milimita 18, na cha ndani cha inchi 0.622. Nusu inchi yenyewe haipo popote. Unene wa chuma chake ni milimita moja na kidogo tu, ndiyo maana hukunjwa kwa mkono bila moto.

Kifaa cha kukunjia ni kichwa chenye mfereji wa tao, kilichofungwa kwenye mpini mrefu. Bomba likikunjwa, upande wa nje wa kona hunyooshwa na wa ndani hubanwa, na mfereji huo ndio unaolishika mbavuni lisibonyee. Kazi kubwa hufanywa na mguu unaokanyaga kichwa hicho, si mikono inayovuta mpini. Mguu ukilegea, bomba huinuka na kubonyea. Chuma nacho kina tabia ya kurudi kidogo kikiachiwa, kwa hiyo kona ya digrii 90 hukunjwa kupita 90 kidogo.

Kona hiyo ndiyo inayofundishwa kwanza. Tuseme ncha ya bomba inatakiwa kusimama inchi 12 juu ya sakafu. Alama haiwekwi kwenye inchi 12, kwa kuwa kona nayo inakula sehemu ya bomba. Kwa bomba la nusu inchi hutolewa inchi 5, kwa la robo tatu inchi 6, na kwa la inchi moja inchi 8. Alama basi huwa kwenye inchi 7 kutoka ncha; mshale uliochorwa kwenye kifaa huwekwa juu yake, na kona ikikamilika, kutoka mgongo wake hadi ncha ni inchi 12.

Mambo hunoga pale bomba linapopaswa kukwepa boriti au kuingia kwenye boksi lililochomoza ukutani. Hapo hukunjwa mara mbili, kwenda na kurudi, kwa pembe ileile. Urefu kati ya alama mbili hupatikana kwa kuzidisha kimo cha kukwepa kwa namba inayotokana na 1 kugawanywa kwa sini ya pembe: 5.76 kwa digrii 10, 2 kwa digrii 30, 1.41 kwa digrii 45. Kukwepa sentimita 15 kwa digrii 30 hutaka alama zilizoachana sentimita 30, hesabu inayofanyika kichwani juu ya ngazi. Si ajabu digrii 30 inapendwa.

Futi ya kupimia, hata hivyo, ndiyo inayolaumiwa bure. Kosa kubwa huingia kwenye pembe. Mikunjo yote miwili ikizidi kwa digrii 2, bomba la digrii 30 litakwepa sentimita 15.9 badala ya 15. La digrii 45 litafika 15.5 tu, lakini la digrii 10 litafika karibu sentimita 18. Pembe ndogo, inayoonekana ya upole, ndiyo isiyosamehe.

Kukwepa pia hufupisha bomba, kwani sehemu iliyolala mshazari haisogei mbele kwa urefu wake wote. Mafundi huhesabu robo ya kimo kwa digrii 30. Kipimo kamili ni 0.268. Kwa sentimita 15 tofauti haifiki milimita 3, na kanuni ya robo inatosha kabisa. Mikunjo nayo lazima ilale kwenye bapa moja: mstari ulionyooka huchorwa kwenye bomba, kisha bomba huzungushwa nusu mzunguko kabla ya mkunjo wa pili. Mstari ukihama, bomba hutoka limepinda upande na haliwezi kulala ukutani.

Kwa nini basi pembe kubwa isitumike kila mahali? Kwa sababu ya waya. Msuguano kwenye kona haujumlishwi, unazidishwa. Kigezo cha msuguano kikiwa 0.35, kila kona ya digrii 90 huongeza nguvu ya kuvuta waya mara 1.7 hivi, na kona nne hufikisha mara 9. Kanuni za umeme za Marekani, NEC, huruhusu jumla ya digrii 360 kati ya sehemu mbili za kuvutia waya. Mkunjo wa kuruka bomba jingine, wenye digrii 45 katikati na 22.5 kila upande, peke yake hula robo ya kiasi hicho. Njia inayohitaji zaidi huwekewa boksi katikati, na hesabu ya digrii huanza upya kutoka hapo.