Mwanza Ndani ya Sinema

Filamu ya Darwin's Nightmare, aliyoitoa Hubert Sauper mwaka 2004, si ya kubuni. Lakini imesukwa kama hadithi ya upelelezi. Ndege zichukuazo minofu ya sangara Mwanza huja na nini? Rubani mmoja anakiri kuwahi kupeleka vifaru Angola. Silaha zikishushwa Mwanza, hata hivyo, hazionekani. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani.

Watoto wa mitaani, makahaba na wakausha mapanki ni ndugu zetu. Hatuoni sababu ya kuwaficha. Ila mama auzaye dagaa Mwaloni Kirumba, akasomesha wanawe, naye ni Mwanza. Familia ya namna hiyo imepewa nafasi finyu mno.