Jumatatu si ku wa gatatu: Kuandika habari za wiki za uongozi wa taaluma kwa Kiswahili



Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha katika chuo kimoja hapa Kigali. Nilibandika tangazo la Kiswahili mlangoni: jaribio la pili lingefanyika Jumatatu, saa 3 asubuhi. Siku ilipofika, wanafunzi watatu hawakuonekana. Jumatano, saa 3 kamili, walikuwa wamesimama mbele ya mlango uleule, kalamu mkononi, wakiuliza wenzao wako wapi. Hawakuwa wazembe. Walikuwa wamesoma tangazo langu kwa Kiswahili na kulielewa kwa Kinyarwanda.

Tangu siku ile nimekuwa na desturi ya kusoma kwa makini habari za kila wiki zinazotoka kwa uongozi wa taaluma: tarehe za usajili, maamuzi ya Seneti, ratiba za mitihani, mikutano, mahafali. Aghalabu habari hizi huandikwa kwa Kiingereza, kwani ndicho lugha ya kufundishia tangu uamuzi wa serikali wa mwaka 2008. Lakini Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na wanafunzi wetu wanaosomea Kiswahili watakwenda kufanya kazi katika ofisi, shule na jumuiya za Afrika Mashariki ambako wataombwa kuandika taarifa za namna hii. Ni zoezi jema la darasani, na pia ni zoezi gumu kuliko linavyoonekana. Makala haya yanaeleza ugumu huo uko wapi.

Tuanze na siku, maana ndizo zinazowaponza watu.

Katika Kinyarwanda wiki huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya kazi. Ku wa mbere ni siku ya kwanza, ku wa kabiri ya pili, ku wa gatatu ya tatu, na kuendelea hadi ku wa gatandatu, kisha ku cyumweru. Kiswahili huhesabu baada ya Ijumaa. Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, Jumatatu ni tatu, Jumanne ni nne, Jumatano ni tano. Kwa hiyo mwanafunzi anayeona "tatu" ndani ya Jumatatu na kukumbuka "gatatu" ya nyumbani huenda moja kwa moja hadi siku ya katikati ya wiki. Anayeona Jumatano hufikiria ku wa gatanu, yaani Ijumaa. Tofauti ni ya siku mbili kamili kila mara, nayo hutosha kumkosesha mtu mtihani. (Kiswahili chenyewe kina kituko chake: baada ya Jumatano, ambayo ni ya tano, inakuja Alhamisi, ambayo kwa asili yake ya Kiarabu nayo ni ya tano. Waarabu walihesabu kuanzia Jumapili. Tumeishi na siku mbili za tano bila kugombana.)

Dawa yake ni rahisi. Katika tangazo lolote, siku isiandikwe peke yake. Iandamane na tarehe. "Jumatatu tarehe 14" haimpotezi mtu. Nami sasa siandiki vinginevyo.

Kuhusu saa, hapa Rwanda tuna bahati. Kinyarwanda na Kiswahili zinahesabu saa kwa namna moja, na saa tatu za mu gitondo ndiyo saa 3 asubuhi. Tatizo liko kwingine. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma kwa saa moja ukilinganisha na Tanzania, Kenya na Uganda. Zamani jambo hili lilimhusu msafiri tu. Leo, kwa kuwa semina nyingi hufanyika kwa njia ya intaneti, ni jambo la kila wiki. Mhadhara unaotangazwa na wenzetu wa Dar es Salaam kuwa utaanza saa 9 alasiri huku kwetu unaanza saa 8 mchana. Mwandishi wa taarifa asiyeongeza maneno "kwa saa za Kigali" atawaleta watu wakati wa maswali na majibu.

Sasa vyeo. Hapa pana historia ambayo wanafunzi wengi wa leo hawaijui.

Kabla ya mwaka 2013 taasisi zetu za umma ziliongozwa na Rekta, kwa desturi ya Kifaransa. Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kilichoanzishwa Butare mwaka 1963, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali ya mwaka 1997, na Taasisi ya Elimu ya Kigali ya mwaka 1999, zote zilikuwa na Rekta. Silas Lwakabamba, kwa mfano, alikuwa Rekta wa kwanza wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia, kisha akawa Rekta wa Chuo Kikuu cha Taifa. Chini ya Rekta alikuwapo Makamu Rekta wa taaluma. Katika mpango huo neno "makamu" lilikuwa na maana yake ya kawaida: mtu wa pili.

Mwaka 2013 taasisi saba za umma ziliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, na mpango ukabadilika kufuata desturi ya Kiingereza. Huko mwenye cheo cha juu kabisa, ambaye Watanzania humwita Mkuu wa Chuo na Wakenya Chansela, ni wa heshima. Huongoza mahafali na kutunuku shahada. Haketi ofisini kusaini barua zako. Mtendaji mkuu wa kila siku ni yule anayefuata, ambaye kwa Kitanzania ni Makamu Mkuu wa Chuo na katika magazeti ya Kenya ni Naibu Chansela. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea mwaka 1970, Mkuu wa Chuo alikuwa Mwalimu Nyerere, ambaye bila shaka alikuwa na kazi nyingine ya Urais. Aliyekiendesha chuo alikuwa Makamu Mkuu, Pius Msekwa. Kwetu pia, Chuo Kikuu cha Rwanda kilipoanza, Mike O'Neal alikuwa Mkuu wa Chuo, lakini aliyekiendesha ni James McWha, Makamu Mkuu wa kwanza.

Hivyo basi, neno lililokuwa likimtaja mtu wa pili likaanza kumtaja mtu wa kwanza, na mwanafunzi anayeandika barua ya rufaa kwa "Mkuu wa Chuo" akidhani ameipeleka kwa mwenye mamlaka huwa ameielekeza kwa mtu ambaye huenda hata hayuko nchini. Chini ya Makamu Mkuu wa Chuo wapo manaibu. Anayesimamia masomo ni Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia Taaluma, na habari nyingi za wiki zinatoka kwake. Cheo ni kirefu, nakubali, na "naibu makamu" yasikika kama mtu ametajwa mara mbili. Lakini kukifupisha kuwa "Makamu wa Taaluma" kunarudisha mkanganyiko wa zamani. Tukivumilie.

Kwa vyeo vilivyobaki, nashauri tufuate msamiati uliokwisha kuzoeleka Dar es Salaam: ndaki na rasi wake, skuli na amidi wake, idara na mkuu wake. Wapo wenzetu wanaopendelea kitivo na mkuu wa kitivo. Sina ugomvi nao, mradi taarifa moja isitumie yote mawili.

Uzito wa vitenzi ni suala jingine, na kwa maoni yangu ndilo wanafunzi wanalolipuuza zaidi. Taarifa ya uongozi hutoa amri, maombi na ushauri kwa wakati mmoja. "Wanafunzi ni lazima wajisajili" ni amri. "Wanatakiwa kujisajili" nayo ni amri, ila ya upole. "Wanaombwa kujisajili" ni adabu, na msomaji anayetafuta mwanya ataiona kama hiari. "Wanashauriwa" haimfungi mtu. Nimeona tafsiri ambamo mwandishi, kwa kutaka kuonyesha heshima, aliweka "wanaombwa" mahali pa sharti lenye adhabu. Heshima iwekwe katika salamu. Sharti libaki sharti.

Ndivyo ilivyo pia kwa maneno ya kusimamisha mambo. Mtihani ulioahirishwa utafanyika siku nyingine. Uliofutwa hautafanyika, au ulifanyika na matokeo yake hayahesabiwi. Mwanafunzi aliyeahirisha masomo ameomba mwenyewe. Aliyesimamishwa masomo ameadhibiwa kwa muda. Aliyeondolewa masomoni hana pa kurudi bila kuomba upya. Kosa la neno moja hapa ni sifa ya mtu inayochafuka ubaoni.

Kinyarwanda nacho hututegea mitego yake, kwa sababu lugha hizi ni ndugu. Tangazo ni itangazo, mwalimu ni umwarimu, kujiandikisha ni kwiyandikisha, na mwanafunzi anatulia akidhani kila neno ni hivyo. Kisha anakutana na "inama". Kwetu inama ni mkutano. Kwa Mswahili kuinama ni kupinda mgongo. "Kutakuwa na inama ya walimu" huwafanya wageni wetu kutoka pwani watabasamu. Kibaya zaidi ni gusubira, ambayo kwetu ni kurudi, na gusubiramo, kurudia jambo. Kusubiri ni kungoja. Taarifa ikisema "waliofeli wasubiri tangazo", wapo watakaoelewa kuwa wametakiwa kurudia mtihani, na wapo watakaofika chumba cha mtihani ambacho hakijafunguliwa. Kwa mtihani wa pili tuseme "mtihani wa marudio", kwa kungoja tuseme "wangoje".

Huu hapa mfano niliouandika kwa ajili ya darasa. Ni wa kubuni. Asije mtu akaenda kujisajili.

"Ofisi ya Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma) inawatangazia wanafunzi wa mwaka wa pili kuwa usajili wa muhula wa pili utaanza Jumatatu tarehe 3 na kufungwa Ijumaa tarehe 14, saa 11 jioni. Ni lazima kila mwanafunzi ajisajili mwenyewe. Matokeo ya muhula wa kwanza yaliyobandikwa ni ya muda hadi yatakapoidhinishwa na Seneti. Mwenye malalamiko kuhusu alama ayawasilishe kwa maandishi kwa mkuu wa idara yake si zaidi ya tarehe 10. Wakuu wa idara wanakaribishwa kwenye semina ya utungaji wa mitihani itakayofanyika kwa njia ya intaneti Alhamisi tarehe 6, saa 8 mchana kwa saa za Kigali."

Angalieni sentensi ya tatu. Maneno "ya muda" yana kazi kubwa. Alama hutoka kwa mwalimu, zikapita idara na vikao vya mitihani vya ngazi ya juu, na haziwi za mwisho mpaka Seneti iziidhinishe. Mwanafunzi asiyeelewa hivyo husherehekea mapema, au hulia mapema, na asiyejua kuwa kuna tarehe ya malalamiko hupoteza haki yake akiwa bado analia.

Darasani, wape wanafunzi habari ya wiki iliyopita kama ilivyotoka kwa Kiingereza. Nusu ya darasa waitafsiri. Nusu nyingine wapewe tafsiri tu, bila asili, kisha waulizwe maswali manne: nani anaamuru, nani anaamriwa, lini, na nini kitatokea asipotii. Penye majibu yanayotofautiana ndipo penye kosa la tafsiri. Mimi huanza na swali la siku, na kila mwaka yupo anayejibu Jumatano.