Mkia Mweupe wa Ndege: Moshi au Mvuke?

Messerschmitt Me 262, ndege ya kivita ya Kijerumani yenye injini mbili za jeti, iliingia vitani mwaka 1944. Wachoraji huionyesha juu ya milima ya Alps, pengine ikiacha mkia mweupe nyuma yake. Mfasiri wa maelezo ya picha akiuita mkia huo “moshi”, msomaji atadhani ndege imepigwa na inaungua. Mshindi atageuka mshindwa. Kumbe ni mvuke wa maji utokao katika injini, ukaganda kuwa chembe za barafu kwa baridi ya huko juu. Ingawa umekwisha kuganda, jina na lifuate asili yake. Kwa hiyo twapendekeza “mkia wa mvuke”, na neno “moshi” liachiwe ndege inayoungua.