Clarendon: herufi nene yenye adabu

Anayetafuta neno katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu huruka kwa macho kutoka kidahizo hadi kidahizo, wala hashughuliki na maelezo mpaka afike alikokusudia. Kinachomsaidia ni unene wa herufi: vidahizo vimekoza, maelezo ni mepesi. Mpango huo tumeuzoea hata tukadhani ulianza na uchapaji wenyewe. Kumbe haujatimiza miaka 200, na sifa kubwa inaiendea herufi moja ya Kiingereza iitwayo Clarendon.

Ilitoka mwaka 1845 katika kiwanda cha kusubu herufi cha Fann Street, London, chini ya Robert Besley. Aliyeichonga ni Benjamin Fox. Herufi nene zilikuwapo tele siku hizo, lakini zilikuwa za mabango: mapande ya watu ambao wakikaa katikati ya sentensi huwaminya majirani. Clarendon ilipunguzwa mwili na kubanwa mbavu, ikaweza kukaa mstari mmoja na herufi za kawaida bila ugomvi.

Itazame kwa karibu. Serifu zake, yaani vile vikanyagio vya kwenye ncha za herufi, ni nene na bapa, ila haziungani na nguzo kwa pembe kali. Zinaingia kwa mkunjo. Herufi a, c, f na r zina kitone cha mviringo nchani. Mguu wa R unajipinda juu mwishoni, kwa madaha kidogo. Mikunjo hiyo ndiyo inayoupunguzia unene ukali wake.

Besley aliisajili kwa sheria ya kulinda michoro, iliyompa miaka 3 tu. Muda ulipokwisha, washindani waliinakili, na jina wakalichukua vilevile. Lakini hakufilisika: mwaka 1869 alikuwa Meya Mkuu wa Jiji la London.

Marekani waliirudisha mabangoni. Kwa kuwa herufi kubwa za risasi ni nzito na ghali, wachapaji walitumia za mbao, wakaitanua Clarendon na kuirefusha mpaka katika baadhi ya matoleo serifu zikawa nene kuliko nguzo zenyewe. Ndiyo sura ya mabango ya kusaka majambazi tuliyoizoea katika filamu za kauboi. Si nzuri sana, kusema kweli, lakini inasomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

Mwaka 1953 Hermann Eidenbenz wa Uswisi aliichora upya, na wabunifu wakaichangamkia tena. Kwa miaka mingi ilielekeza magari kwenye vibao vya hifadhi za taifa za Marekani. Ukiijaza kwenye aya ndefu inachosha macho. Kazi yake ni neno moja, au jina. Herufi nne za Sony, zilizobandikwa kwenye redio kaseti na televisheni za sebule nyingi za Afrika Mashariki, ni za ukoo huohuo.