Delta katika viini vyepesi vya atomu

Delta (alama yake Δ) ni hali ya msisimko ya nukleoni, yaani ya protoni au neutroni. Katika viini vyepesi vya atomu, kama vile vya tritiumi na heli, hali hiyo hutokea kwa muda mfupi mno. Hata hivyo, ina mchango katika kushikamana kwa kiini.

Sifa

Nukleoni ina kwarki tatu, na spini yake ni 1/2. Ikipata nishati ya kutosha, spini za kwarki zote tatu huelekea upande mmoja na jumla yake huwa 3/2. Hapo nukleoni imegeuka kuwa Delta.

Masi ya Delta ni takriban MeV 1232, na ya nukleoni ni takriban MeV 939. Kufuatana na chaji, kuna Delta za aina nne: Δ++, Δ+, Δ0 na Δ−. Delta iliyo huru huvunjika kuwa nukleoni na pioni baada ya sekunde 6 × 10⁻²⁴ hivi.

Dalili za Delta zilipatikana katika Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Mwaka 1952 Enrico Fermi, Herbert Anderson na wenzao walitangaza matokeo ya kugonganisha pioni na protoni.

Kani ya nukleoni tatu

Deuteroni, yenye protoni moja na neutroni moja, ina isospini 0. Nukleoni moja (isospini 1/2) na Delta moja (isospini 3/2) haziwezi kutoa jumla ya 0, hivyo humo Delta moja haiwezi kutokea bila ya pili.

Penye nukleoni tatu mambo ni tofauti. Mwaka 1957 Wajapani Jun-ichi Fujita na Hironari Miyazawa walieleza kwamba nukleoni ya kwanza hutoa pioni. Ya pili huipokea na kusisimka. Kisha hutoa pioni nyingine kwa ya tatu na kurudi katika hali yake ya kawaida. Kani hiyo haiwezi kugawanywa katika jozi, kama vile chungu kinavyohitaji mafiga matatu kwa pamoja.

Umuhimu wake huonekana katika hesabu. Ili kutenganisha kabisa nukleoni tatu za kiini cha tritiumi inahitajika nishati ya MeV 8.48. Hesabu zinazotumia kani za jozi peke yake kwa kawaida hutoa MeV 7.6 hadi 8 tu. Kwa heli-4 pengo ni kubwa zaidi: nishati iliyopimwa ni MeV 28.3, lakini baadhi ya hesabu hizo hutoa takriban MeV 24. Kani ya nukleoni tatu ikiongezwa, pengo huzibika.

Mipaka ya maelezo

Delta si chanzo pekee cha kani hiyo, na nguvu yake katika hesabu nyingi hurekebishwa ili ilingane na vipimo. Nadharia nyingine huihesabu Delta waziwazi, nyingine huificha ndani ya kani. Kwa hiyo kiasi cha Delta kilichomo katika kiini hutegemea nadharia inayotumika.