Imbwa yenye kuruka-ruka inaomba kazi, haiombe fimbo

Ku Kolwezi, ku Likasi, ku Lubumbashi, karibu kila avenue iko na lupango moja yenye watu wanapita mbio. Ndani kuko imbwa ya miezi minane ao tisa, masikio juu, ulimi inje. Inaruka ku mulango, inararua nguo zenye mama alianika, inaangusha mutoto mwenye walituma kununua mukate. Baba ametoka posti ya usiku, anatafuta kulala saa tatu ya asubui, na imbwa inabweka. Anaamuka, anakamata fimbo. Imbwa inanyamaza dakika kumi, kisha inaanza tena. Mwishowe wanaifunga ku muembe na munyororo wa metre moja, na pale njo hatari inaanza kweli.

Mimi ni delege wa sendika, si munganga wa nyama. Lakini nafuga imbwa tangu miaka mingi, na mu camp kesi zote zinafika kwa delege: kesi ya posho, kesi ya ukuta, na kesi ya imbwa pia. Kwa ile nimeona, imbwa ya namna hii haiko mubaya na haiko mujinga. Iko ku chômage.

Angalia kwenye inatoka. Imbwa mingi za kwetu ziko na damu ya malinois ao ya berger allemand. Malinois ilipata jina lake ku muji wa Malines, Ubelgiji. Mu 1891 professeur Adolphe Reul, wa masomo ya banganga wa nyama ya Cureghem, karibu na Bruxelles, alikusanya imbwa za wachungaji wa kondoo ili azipange kufuatana na aina. Mu 1899, ku Ujerumani, Max von Stephanitz alianzisha kikundi cha berger allemand. Zote mbili zilizaliwa juu ya kutumika siku muzima: kukimbia pembeni ya kondoo, kuangalia mukono wa muchungaji, kugeuka mara moja wakati anaita. Wakati kazi ya kondoo ilipunguka, walizipatia kazi ya polisi, ya jeshi, na michezo. Sasa wewe unatwaa damu ile, unaifungia mu lupango ndogo, hakuna kondoo, hakuna kazi. Itajitafutia kazi yenyewe: kufukuza kinga, watoto na kuku.

(Imbwa ya asili ya Kongo, ile yenye Wazungu waliita basenji, iko tofauti. Yenyewe haibweke sawa zingine, na wawindaji wanaifunga kengele ya muti ku shingo ili wajue mahali iko mu majani. Lile jina, wazee wetu walilisikia likitumiwa kwa watu pia, na halikuwa la heshima. Imbwa yenyewe haina kosa.)

Jambo la kwanza ni mushahara. Sisi watu wa migodi tunajua mateso ya kulipwa na kuchelewa, lakini sisi tuko na bongo ya kukumbuka deni ni ya mwezi gani. Imbwa haina. Ikikaa chini, uilipe palepale, mu seconde moja ao mbili. Ukienda kwanza mu nyumba kutafuta kitu, utaikuta imesimama, na utakuwa umelipa kusimama. Kwa hiyo, tia mu mufuko wa suruali vipande vidogo, sawa punje ya mahindi: kapenta kavu, bukari ya jana yenye imekauka, nyama ya kuchemsha. Kitoyo hapana, chumvi ni mingi. Kitunguu hapana, kinaharibu damu yake. Mufupa wa kupika hapana, unapasuka na kuchoma matumbo. Na vipande vile vitoke mu chakula chake cha kila siku, si juu yake. Hivi bibi ya nyumba hatasema unalisha imbwa kupita watoto.

Watu wananiambia: "Delege, mimi sina chakula cha kuchezea." Sawa. Mulango kufunguka nao ni mushahara.

Jirani mumoja, mutu wa posti, alikuwa na imbwa dume jina Tigre, nusu malinois. Kila siku saa ya kuenda kazi Tigre ilimurukia ku kifua, salopette inachafuka, baba anapiga, na imbwa inawaza ni muchezo wa watu wawili. Tulifanya hivi: simama ku mulango, mukono ku kufuli, usiseme kitu, usiiangalie mu macho. Matako ya imbwa yakigusa chini, fungua kidogo. Ikisimama, funga. Ikikaa, fungua tena. Siku ya kwanza tulifunga mulango mara 14 mbele ya kutoka. Siku ya tano, mara 2. Ku meza ya mazungumuzo na wakubwa wa kampuni, mimi sijapata hata siku moja mapatano ya haraka namna ile.

Njia ni ileile kwa imbwa yenye kurukia wageni. Ukiisukuma na mikono, umecheza nayo. Ukipiga kelele, umebweka nayo. Geuza mugongo, nyamaza, na wakati miguu yake ine iko chini, uisalimie.

Jambo la pili, nyumba muzima iseme neno moja. Baba anasema "assis", mama anasema "ikala", mutoto anasema "kaa", shangazi anasema yote matatu na kuongeza jina. Imbwa inafanya nini? Inaangalia watu na kuruka. Wengi wetu tunaamuru imbwa kwa Kifaransa, na si mubaya: "assis" kwa kukaa, "couché" kwa kulala, "au pied" kwa kutembea pembeni ya muguu. Chagueni na muandike ku ukuta wa jikoni. Neno lisemwe mara moja. Ukisema "assis, assis, assis", imbwa inajifunza kama kazi inaanza ku neno la tatu.

Sasa, kwa imbwa yenye moto, zoezi lenye ninaweka juu ya yote ni la mufuko. Watu wanalizarau kwa sababu haliko la kuonyesha bajirani. Tandika mufuko wa bunga chini ya kivuli, palepale kila siku. Imbwa ikipanda juu, lipa. Ikilala, lipa. Ikae seconde tatu, lipa, kisha kumi, kisha dakika moja huku unatembea, kisha dakika tano huku watoto wanacheza mupira. Ikitoka, usiikemee, irudishe tu na uombe muda mufupi zaidi. Imbwa hii inajua kuwaka, haijue kuzima, na kuzima kunafundishwa sawa kazi ingine yoyote. Tena imbwa changa inapaswa kulala zaidi ya nusu ya siku. Watu wanawaza kama ikikimbia siku muzima itatulia. Hapana, mangaribi inakuwa sawa mutoto mwenye amekosa kulala: inauma, inalia, haisikie mutu. Na mu nyumba ya mutu wa posti ya usiku, ule mufuko ni usingizi wa baba.

Kuita nako kuko na sheria yake. Usiite imbwa juu ya kuipiga, hata kama imekula viatu. Ukifanya vile mara mbili, neno "kuya" kwake limekuwa jina la fimbo. Funga kamba nyepesi ya metre kumi, iache itembee, iite mara moja kwa sauti ya furaha, rudi nyuma mbio kidogo ili ikufuate, na ikifika lipa vizuri kupita siku zote. Kisha uiachilie iende tena. Usiikimbize: imbwa iko na miguu ine, utashindwa mbele ya avenue muzima.

Munyororo mufupi, mimi ninaukataa. Imbwa yenye imefungwa kutoka asubui mupaka usiku inaona watu wakipita na haiwezi kuwakaribia wala kuwakimbia. Moto wake unageuka hasira. Siku munyororo unakatika, mwenye kupita wa kwanza ni mutoto. Na kuumwa si kidonda tu. Ugonjwa wa rage, kichaa cha imbwa, kwa watu unatoka karibu wote ku imbwa, na wakati alama zake zimeonekana, karibu hakuna mutu anapona. Imbwa ipewe chanjo kuanzia miezi mitatu, na irudiliwe kufuatana na neno la munganga wa nyama. Mutu akiumwa, osha kidonda na maji na sabuni dakika 15 na saa mukononi, kisha centre de santé siku ileile. Usingojee kuona kama imbwa itakufa, na usitie mafuta wala majani ku kidonda.

Wakati imbwa imejua kukaa, kulala ku mufuko na kurudi, michezo inafunguka, na pale moto wake unakuwa faida. Anza na kuvutana. Sokota kipande cha mufuko wa zamani, acha ikamate, vuta pamoja nayo. Kisha simama sawa muti, usivute tena, sema "acha". Kitambaa hakina uzima, muchezo umekufa, itaachia. Ikiachia tu, anza tena. Mu siku chache imbwa inaelewa kama kuachia njo kunaleta muchezo. Imbwa nyingi za aina ya malinois zinapenda mushahara ule kupita nyama.

Agility ilionekana mara ya kwanza ku maonyesho ya Crufts, ku London, mu 1978. Walitaka kufurahisha watu kati ya mashindano mawili, wakaiga mbio za farasi zenye kuruka miti. Kwetu inatosha tairi la gari lenye kusimamishwa, fimbo ya fagio juu ya matofali mawili, na vijiti sita vya kuzunguka. Lakini fimbo ya fagio ibaki chini kabisa mupaka imbwa ipite mwaka, kwa sababu mifupa haijakomaa. Mu mashindano ya kimataifa ya agility, imbwa chini ya miezi 18 haikubaliwe.

Kuko pia muchezo wenye Wajerumani walianzisha kwa berger allemand, leo unaitwa IGP. Uko na sehemu tatu: kufuata alama za miguu, kusikia, na kulinda. Kila sehemu iko na points 100, na unapaswa kupata 70. Mu sehemu ya kulinda imbwa inauma kweli, lakini inauma mukono wa kitambaa kinene wenye mutu wa kufundishwa amevaa, na yenye haiachie wakati mwalimu wake amesema, inafukuzwa mu mashindano. Ninaandika hii kwa sababu familia za bakreseri zinajua imbwa za ku vizuizi vya migodi. Zamu mwenye anapewa kamba na imbwa bila siku moja ya mafundisho iko hatari kwa mukreseri, kwa mutumikaji mwenye alisahau badge, na kwake yeye mwenyewe. Kama imbwa haijue "acha", isiletwe kazini. Jambo lile liko na nafasi yake mu karatasi ya sendika kama vile kofia na viatu. Na ku nyumba, usicheze kuchochea imbwa juu ya watu, hata kwa kucheka.

Kazi ya pua, kila mutu anaweza. Ku Parc ya Virunga, tangu 2011, bagarde wanatumia imbwa za saint-hubert kufuata nyayo za wawindaji haramu. Wewe anza mu majani mafupi, asubui mapema: tembea hatua ishirini polepole, tia kipande kidogo ku kila alama ya kisigino, ku mwisho acha vipande vitano. Leta imbwa na kamba, nyamaza, iache ifanye. Kisha hatua arobaini, kisha kona moja. Dakika kumi za pua zinachokesha imbwa ya moto kupita saa moja ya mupira. Mu October, na jua la kwetu, fanya kabla ya saa moja ya asubui ao baada ya saa kumi na moja: imbwa inapoza mwili kwa kuhema, na lami inachoma miguu yake.

Siku moja inaomba dakika kumi na tano tu, zikigawanywa tatu-tatu: tano mbele ya kazi, tano za watoto wakubwa wakitoka masomo, tano za mama mangaribi. Baba akiwa posti ya usiku, anachukua zile za mangaribi mbele ya kutoka. Kwa jirani, Tigre imefika sasa miezi 11. Inalala ku mufuko wake mupaka saa sita, fimbo ya fagio iko bado juu ya tofali moja moja, na binti wa jirani, wa miaka 13, njo anatembeza hatua za kuficha kapenta.