Risasi Huambukiza: Jinsi Mitaa ya Chicago Inavyozuia Kisasi

Majeruhi wa risasi anapofikishwa hospitalini, daktari wa upasuaji hushughulikia jeraha, na muuguzi hufuatilia damu na mapigo ya moyo. Nje ya chumba cha dharura hali huwa nyingine. Ndugu na marafiki wamekusanyika, wamejaa uchungu, na baadhi yao wameshaanza kuulizana ni nani aliyefyatua. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Kwa kuifuata kauli hiyo, katika baadhi ya mitaa ya Chicago, Marekani, majeruhi mmoja amezaa wa pili, na wa pili akazaa wa tatu.

Gary Slutkin, daktari wa magonjwa ya kuambukiza, aliutambua mfuatano huo kwa kuwa alikwisha kuuona kwingine. Katika miaka ya 1980 alipambana na kifua kikuu na kipindupindu miongoni mwa wakimbizi nchini Somalia. Baadaye, akiwa na Shirika la Afya Duniani, alishiriki katika juhudi za kudhibiti UKIMWI, zikiwemo za Uganda. Aliporejea Marekani katikati ya miaka ya 1990, alizitazama ramani za mauaji ya Chicago, akaona vifo vimejikusanya mahali pamoja, mithili ya visa vya kipindupindu. Mtu aliyeshuhudia au kupatwa na ghasia alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzitenda.

Mwaka 2000, chini ya Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago, mpango ulioitwa CeaseFire ulianza katika eneo la West Garfield Park. Katika mwaka wa kwanza, matukio ya ufyatuaji risasi yalipungua hapo kwa zaidi ya nusu. Baadaye mpango huo ulijulikana kwa jina la Cure Violence.

Nguzo yake ni wasuluhishi wa mitaani. Kama vile wakimbizi wa Somalia walivyofikiwa na wahudumu waliotoka miongoni mwao, wasuluhishi hawa huchaguliwa kutoka katika mitaa ileile. Wengi wao waliwahi kuwa katika magenge au kutumikia vifungo gerezani. Hawabebi silaha, wala hawapeleki habari kwa polisi. Husikia ugomvi unapoanza, humwendea mwenye hasira, humsikiliza, na humcheleweshea uamuzi mpaka hasira zipoe. Wengine hufika kando ya kitanda cha majeruhi, wakazungumza naye pamoja na jamaa zake kabla kisasi hakijapangwa. Washauri wengine huendelea kuwa karibu na vijana walio katika hatari kubwa, wakiwasaidia kupata kazi, masomo au tiba ya uraibu.

Tathmini iliyoongozwa na Wesley Skogan wa Chuo Kikuu cha Northwestern, iliyotolewa mwaka 2008, ilichunguza maeneo saba. Katika manne, kupungua kwa ufyatuaji risasi kulihusishwa na mpango. Katika mengine, athari yake haikuthibitika. Kwa hiyo kazi hii haina uhakika wa chanjo. Tena hutegemea fedha za kudumu: mwaka 2015 ruzuku ya jimbo ilisimamishwa, na wasuluhishi wengi wakaachishwa kazi. Mwaka uliofuata mauaji mjini Chicago yalizidi 700. Sababu za ongezeko hilo ni nyingi, lakini mitaa ilikabiliana nalo ikiwa imepungukiwa na watu iliowaamini.

Kwa mhudumu wa afya, somo hili linaanzia wodini. Majeruhi anayekaribia kuruhusiwa aulizwe faraghani: je, anakorudi ni salama? Yupo anayemtafuta, au anayetaka kumlipizia? Ni nani katika familia anayesikilizwa na wote? Na mgonjwa asione haya kueleza hofu yake. Jeraha lililoshonwa vizuri halimkingi na risasi ya pili. Mzee, mama au rafiki aliyeitwa mapema huenda akaizuia.